Jina la Mwenye Mita

Mimi ni mtu wa maneno mengi, hilo sikatai. Mume wangu husema nikikaa kimya dakika tano anakuja kunishika paji la uso aone kama nina homa. Lakini yako maneno matatu ambayo kwa miaka kumi na saba ya ndoa sikuwahi kuyatamka, si kwa sauti, si kwa kunong'ona, si hata nikiwa peke yangu migombani. Ni majina ya baba mkwe wangu.

Kwenye ukoo nilikoolewa, mke hataji jina la baba wa mume wake. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Unafika, unasikia wenzako wanavyolizunguka, na wewe unalizunguka. Tunamwita Tata, yaani baba kwa Kinyambo, na inatosha. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu, mke wa shemeji yangu mkubwa alikuwa akisoma orodha ya waliochangia bati za kanisa, jina likamponyoka. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyemeza nzi. Msimu mzima wa kahawa hakumtazama mzee usoni. Mimi nilikuwa bibi harusi bado nang'aa mafuta, nikaona, nikashika adabu yangu.

Wala usidhani ni kazi. Huku kwetu, upande wa Rugu, kila mtu anajua. Nilipompeleka Tata hospitali Nyakahanga, nesi aliniuliza jina la mgonjwa. Nikatoa kitambulisho chake kwenye mkoba, nikamsogezea bila kufungua mdomo. Akanitazama, akamtazama mzee aliyekaa kwenye benchi, akatabasamu.

"Mkweo?"

"Mkwe wangu, dada."

"Hata mimi wa kwangu simtaji," akasema, na akaandika mwenyewe. Mambo yakaishia hapo.

Hili ninalosimulia nalisimulia nikicheka, kwa sababu liliisha vizuri. Lingeisha vibaya, huu mdomo ningeufunga moja kwa moja, maana kosa la kwanza lilikuwa langu.

Lilianza na kishikwambi. Kampuni ya umeme wa jua ilikuja kijijini kwetu, ikasafisha kipande cha kilima, ikapanga paneli mistari kwa mistari, ikashusha kontena la betri, na nguzo zikaja hadi kwenye vibanja vyetu, haya mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Jamani, tulifurahi! Tulikuwa tumezoea visola vya kuchaji simu na taa moja inayozimika kabla hujamaliza kula. Sasa kila nyumba ikapata mita yake ukutani, na tukaambiwa mita hizo ni za kisasa, zinaongea zenyewe na kompyuta ya kampuni kupitia mtandao wa simu. Kompyuta yenyewe iko mji wa mbali, sijui ghorofa ya ngapi. Ikitaka kufungua inafungua, ikitaka kufunga inafunga, hakuna mtu wa kupanda nguzo.

Basi siku ya kuandikisha alikuja karani mmoja, bwana wa heshima zake, mgeni wa huku, lafudhi yake ya mikoa ya kati. Alinikuta namenya ndizi uani, mikono myeusi kwa utomvu. Mume wangu hakuwepo, Tata hakuwepo.

"Shikamoo, mama. Jina la mwenye nyumba?"

"Marahaba. Ni Tata."

"Tata nani?"

"Tata tu. Baba mkwe wangu."

"Ana jina lakini?"

"Analo."

"Nani?"

Nikainamia ndizi zangu. "Hayupo, kaka. Ameenda kwenye kikao. Yeye ni mzee wa kanisa."

Yule bwana alikuwa amechoka, shati limemgandia mgongoni, wingu la mvua limeshatanda na nyumba za kuandikisha bado zimejaa. Kile kishikwambi chake, alivyokuja kueleza baadaye, hakikubali kwenda ukurasa wa pili mpaka nafasi zote tatu za majina zijazwe. Nilimwona anagonga gonga kioo. Akaniambia namba ya kitambulisho tuipeleke baadaye, akachukua namba yangu ya simu, akashukuru, akaenda. Namba ya kitambulisho mume wangu aliipeleka wiki iliyofuata, wakaiingiza, na hakuna aliyeuliza lolote.

Siku umeme ulipowashwa, simu yangu ikalia. Ujumbe. "Ndugu MZEE WA KANISA, hongera, sasa umeunganishwa."

Tulicheka! Mume wangu alikaa chini kabisa. Nafasi tatu, maneno matatu, yule karani alijaza la kwanza Mzee, la pili Wa, la tatu Kanisa. Tata alipoletewa simu aliisogeza mbali na macho, akasoma, akasema, "Angalau kompyuta ina heshima." Tangu hapo kila nikinunua umeme anaandikiwa Ndugu Mzee Wa Kanisa, na kila mara tunacheka upya. Ilikuwa ni ya kurekebisha siku hiyo hiyo. Lakini kurekebisha maana yake ni mtu kwenda ofisi yao ndogo kule sokoni na kutaja jina, mume wangu ni mtu wa kesho, na mimi siwezi. Tukaacha.

Miaka miwili ikapita. Mapafu ya Tata yakaanza kuchoka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye vumbi la kukoboa kahawa, na vumbi lile likawa limekuja kudai. Alianza kwa kusimama njiani kila hatua kumi, akisingizia kwamba anakagua migomba. Baadaye hata kusingizia akashindwa. Hospitali walimhudumia, akapata nafuu, lakini daktari akasema nyumbani atahitaji kusaidiwa hewa. Shemeji yangu mkubwa, ambaye siku hizi anaishi Mwanza, akatafuta mashine ya oksijeni, akaituma na basi. Ni boksi lenye magurudumu, urefu wa stuli, linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, linampelekea puani kwa mpira mwembamba. Halina mtungi wa kuisha. Linataka umeme tu. Fundi wa kampuni akaja kutazama waya zetu, akasema itabeba bila shida, na kweli ikabeba.

Mashine ile ikabadilisha mambo ya nyumba. Zamani chumbani kwa Tata sikuwa naingia. Nilikuwa naacha chakula kwenye meza ya mlangoni, nakohoa, naondoka. Sasa mimi ndiye nilikuwa namfungulia dirisha, nafuta vumbi la kichujio, nasikiliza kama mlio uko sawa. Mlio wake ulikuwa wa kupumua pumua, kama ng'ombe aliyelala jirani. Kumuosha na kumvisha ilikuwa ni kazi ya mwanawe. Tulikuwa hatuangaliani sana, mimi na Tata, lakini tulizoeana. Alikuwa ananiita mkamwana, mimi namwitikia abee, tunaongea habari za bei ya kahawa na nani kajifungua.

Na kitu kingine cha kujua: nyumba nzima ile, mtandao wa simu unapatikana sehemu moja tu, kwenye ubao wa dirisha la chumba cha Tata. Sijui ni kilima, sijui ni nini. Ukitaka kuongea unaiweka simu pale, unaweka spika, unaongea ukiwa umeinama kama unachungulia kisima. Siri za nyumba hii zote Tata anazijua.

Kabla ya siku yenyewe ujumbe ulikuja mara tatu. "Mpendwa mteja, tunahamia mfumo mpya. Hakikisha taarifa zako zinafanana na kitambulisho." Sasa mimi kwa siku napata ujumbe wa bahati nasibu, wa muziki wa kupokelea simu, wa mtu nisiyemjua anayesema ile hela tuma kwenye namba hii. Nikaufuta pamoja na takataka nyingine.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Watoto shule, mume wangu, ambaye ni fundi mwashi, yuko Kyerwa anajenga na kule simu yake huwa haipatikani hata kwa maombi. Majirani wote walikuwa wamevuka kilima kwenda mazishini. Nilikuwa jikoni naosha maharage, nikasikia mashine inalia mlio mmoja mrefu, piiii, kisha kimya. Redio nayo kimya.

Nikakimbilia mita. Taa nyekundu. Nikasema labda uniti zimeisha, lakini namba ziko pale, uniti tele. Nikachungulia kwa jirani. Taa yake ya nje, ambayo huwa anaisahau mchana kutwa, inawaka! Si kijiji kilichokatika. Ni sisi.

Tata alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Nesi alituambia bila mashine anaweza kuvumilia muda kidogo kama ametulia na hasemi sana. Muda kidogo ni kiasi gani hakutuambia. Alisema tuangalie midomo. Ikianza kuwa ya kijivu, hospitali mara moja. Hospitali kutoka kwetu ni zaidi ya saa nzima kwa bodaboda, njia yenyewe ilikuwa imeliwa na mvua ya wiki nzima. Mtu asiye na pumzi umpakie kwenye pikipiki atembee na matope na mashimo! Nilijaribu kumwona Tata katikati, mimi nyuma nimemshika, na picha ile ikakataa kukaa kichwani.

"Umekatika?" akaniuliza.

"Unarudi sasa hivi, Tata," nikamdanganya.

Nikaweka simu dirishani, nikapiga ile namba iliyobandikwa kwenye mita. Mpendwa mteja, simu yako ni muhimu kwetu. Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Ingiza namba ya mita, malizia na alama ya reli. Nikaingiza, nikakosea, nikaingiza tena. Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine. Ukaanza muziki. Aisee, muziki ule! Kinanda kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na pembeni yangu mabega ya Tata yanapanda na kushuka, na mimi katikati nataka kuivunja simu kwa meno. Nilitaka kupigia bodaboda, lakini nikikata napoteza foleni, na simu ya Tata ilikuwa imeshakufa betri tangu jana. Nikabaki nimeinama pale pale, nikiomba Mungu kwa lugha zote nilizonazo.

"Habari za asubuhi, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Sauti ya binti, tamu, ya mjini. Nilimwaga yote kwa pumzi moja: mita imefungwa, uniti zimo, kuna mgonjwa, kuna mashine. Nikamsikia anagonga vitufe.

"Pole sana, mama. Mita yako imefungwa na mfumo. Majina ya mteja hayafanani na kitambulisho. Hapa naona…" akasita. "Naona Mzee Wa Kanisa."

"Ndiyo ndiyo! Ni makosa! Rekebisha, binti yangu, fungua."

"Naweza kurekebisha, mama, usijali. Naomba unitajie namba ya kitambulisho." Nikaisoma, tarakimu zote, nikifuata kwa kidole kwenye kadi ya Tata. "Asante. Sasa naomba unitajie majina matatu kamili ya mwenye mita."

Nikanyamaza.

Mimi! Nilinyamaza mpaka yule binti akauliza, "Mama, upo?"

"Nipo. Wewe si unayaona hapo mbele yako? Yasome, mimi nitasema ndiyo."

"Hairuhusiwi, mama. Lazima uyataje wewe, nikiona yanafanana ndipo mfumo unanikubalia."

"Nikutumie picha ya kadi."

"Picha inatumwa kwa barua pepe, inashughulikiwa ndani ya siku mbili za kazi."

Siku mbili! Nikamtazama Tata. Midomo ilikuwa bado ina rangi, lakini si rangi niliyoizoea. Shingoni kwake mishipa ilikuwa imesimama.

"Binti yangu, sikiliza. Huyu ni baba wa mume wangu. Kwetu simtaji jina. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama. Kweli nakuelewa." Na nadhani alinielewa, masikini, sauti yake ilikuwa imelegea. "Lakini mfumo haunipi njia nyingine. Yeye mwenyewe yupo? Anaweza kuongea?"

Tata alikuwa amesikia yote, maana spika ile husikika mpaka uani. Akainua mkono, akanionyesha nisogeze simu. Nikasogea pembeni. Akavuta pumzi, akaanza jina lake la kwanza, akalifikisha nusu, kikohozi kikamchukua. Kikamkunja vibaya. Nilipomwekea mkono mgongoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nilihisi mbavu zake moja moja. Kumbe alikuwa amekonda hivyo.

"Samahani mama, sijasikia," ikasema simu.

Kichwa kikaniwaka moto. Nilikuwa na hasira na kampuni, na mfumo, huo mfumo usio na mkwe wala mjomba, na yule karani na nafasi zake tatu. Lakini hasira kubwa ilikuwa kwangu mwenyewe. Nesi wa Nyakahanga alimaliza jambo hili kwa tabasamu moja. Mimi nilikuwa nimepewa zaidi ya miaka miwili ya kulimaliza, nikaitumia kucheka.

Nikajaribu ujanja. Nikasema herufi si jina, nitazitaja moja moja, hakuna atakayenilaumu. Nikaanza. Herufi ya kwanza akaipata. Ya pili akaipata. Ya tatu mtandao ukaila, akasikia nyingine, nikarudia, akasikia nyingine tena. Majina ya kwetu ni marefu, na hapo tulikuwa bado kwenye la kwanza. Nyuma yangu Tata alitoa sauti ndogo, kama mtu anayeinua mzigo. Nikageuka. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Alikuwa ananitazama. Miaka kumi na saba hatukuwahi kutazamana hivyo. Halafu, polepole, akainua mikono yake miwili, ile mikono mirefu ya mtu wa kahawa, akaziba masikio yake. Akafumba na macho. Alikaa hivyo, mzee mzima, kama mtoto anayesubiri radi ipige.

Nikainamia simu, nikayasema. Mnong'ono mtupu.

"Rudia mama, sijakusikia."

Mungu wangu! Nikayasema tena, kwa sauti ya kawaida, nikihisi uso unawaka hadi masikioni.

"Mama, mtandao unakatakata. Naomba upaze sauti."

Hapo aibu ikaniishia kabisa. Nikajishika kwenye ubao wa dirisha, nikavuta pumzi yangu na ya Tata pamoja, nikayapiga kelele. La kwanza, la pili, la tatu, kila moja peke yake, kwa sauti ya kuita mtu aliye kibanja cha tatu. Kuku walitawanyika. Mbuzi aliyefungwa uani aliacha kutafuna akainua kichwa.

"Asante, mama," akasema binti. Vitufe. Vitufe. "Subiri kidogo… inazunguka… inazunguka… imekubali."

Kulisikika tak! kwenye mita. Redio jikoni ikadakia katikati ya wimbo. Na mashine ikalia mara mbili, ikakohoa, ikaanza kupumua.

Sikumbuki kama nilimuaga yule binti. Nakumbuka nikipachika mpira puani kwa Tata, kwa mkono wangu mwenyewe, na kuuweka sawa nyuma ya masikio yake, ambayo alikuwa bado ameyaziba, ikabidi niiondoe mikono yake taratibu. Nakumbuka nikihesabu pumzi zake. Midomo ilikawia, ikakawia, kisha kijivu kikaanza kutoka pembeni kwenda katikati. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikaanza kulia na kucheka vyote pamoja, kamasi zinatoka, wala sikujali. Kupumua ni kitu kizuri sana, jamani. Nilikaa pale nikisikiliza mashine ile na kuona ni afadhali kuliko muziki wote niliowahi kusikia.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Ndugu nani na nani na nani, taarifa zako zimerekebishwa. Jina lake lote, kwa herufi kubwa, kwenye kioo cha simu yangu. Nikaigeuza kifudifudi.

Baada ya kama nusu saa hivi Tata alikuwa amerudi kwenye mito yake, uso umetulia. Mimi aibu ikawa imeanza kunirudia. Nikapiga magoti karibu na mlango, mahali pangu pa zamani.

"Nisamehe, Tata. Nimekutaja. Nitaleta kuku, nitaomba radhi mbele ya wote jioni."

Akainua kiganja, nisubiri. Akavuta pumzi mbili, tatu. Alikuwa anaziokota bila haraka sasa.

"Nilisikia," akasema.

"Ulikuwa umeziba masikio, Tata."

"Kwa kelele zile? Hata yule wanayemzika amesikia."

Nikacheka nikaona aibu ya kucheka. Yeye alikuwa anatazama nje, upande wa migomba, kule ambako watu wa nyumba hii wamezikwa: mke wake, kaka zake, na dada yake mkubwa ambaye tulimlaza pale miaka mitatu iliyopita, chini kidogo ya mikahawa ya zamani.

"Unajua nilidhani nani?" akauliza.

"Nani, Tata?"

"Dada yangu. Alikuwa ananiita hivyo hivyo, kutoka mwisho wa kibanja, chakula kikiwa tayari. Kelele zile zile, kama nyumba inaungua." Akapumzika. "Yeye ndiye alikuwa amebaki kuniita. Alipolala, likaisha. Nyinyi mnaniita Tata. Watoto wananiita Babu. Kanisani, Mzee. Hospitali mimi ni wa kitanda cha dirishani. Si vibaya. Lakini mtu anaweza kusahau."

Mashine ilivuta, ikashusha.

"Pale nilipoziba masikio," akaendelea, "nilikuwa naondoka, mkamwana. Sikukwambia. Nilikuwa nimechoka kuvuta. Ikawa kama giza, na wala halikuwa baya. Halafu nikasikia naitwa. Mtu ukiitwa unageuka, si ndiyo? Nikageuka, nikakuta ni wewe."

Machozi yakaanza tena, haya ya kimya. Nikayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Liseme tena," akasema Tata. "Polepole. Sasa hakuna haraka."

Nikatazama mlangoni kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Nikamtazama yeye usoni, nikalisema lile la kwanza, alilopewa na mama yake, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aliye karibu.

"Naam," akaitika.